Pikapu na trela katika milima ya chai: uzito wa kuvuta na uzito wa kuzuia

Kila mwaka, bonasi ya majani chai inapoanza kuingia katika akaunti za wakulima wa Kericho na Bomet, karibu na mwezi wa Oktoba, mazungumzo ya magari hupamba moto. Mkulima wa Konoin mwenye ekari chache za chai, kikundi cha akiba cha Bureti, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa karibu na Sotik: wote huitazama pikapu, na wengi huitazama pamoja na trela ya kufungwa nyuma yake. Hesabu inavutia. Gari moja lipeleke familia kanisani Jumapili, kisha Jumatatu livute mbolea, kuni, ndama au majani mabichi. Muuzaji anasema gari lake linavuta tani 3.5, na fundi wa kuchomelea vyuma yuko tayari kuunda trela ya ukubwa wowote. Mkanganyiko huanzia hapo, kwa sababu tani 3.5 ni namba ya kweli inayojibu swali tofauti na lile la mkulima wa milimani.

Hoja ya makala haya ni kwamba katika nchi ya miteremko pikapu ichaguliwe kwa kuangalia uzito inaoweza kuuzuia na uzito ambao ekseli yake ya nyuma inaweza kuubeba, kabla ya kuuliza injini inavuta kiasi gani. Ukipima hivyo, trela inayofaa huwa ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na kwa kazi ya majani mabichi mara nyingi trela haifai hata kidogo.

Tani 3.5 zinatoka wapi

Isuzu D-Max ya injini kubwa, Toyota Hilux ya lita 2.8, Ford Ranger na Land Cruiser 79 zina maumbo tofauti, injini tofauti na bei zinazopishana sana. Hata hivyo zote hutangazwa kwa kiwango kilekile cha kilo 3,500. Mnunuzi makini anapaswa kushangazwa na jambo hilo. Sababu yake ni kwamba namba hiyo inafuata mpaka wa kisheria zaidi ya nguvu za chuma. Barani Ulaya, trela isiyozidi kilo 3,500 inaruhusiwa kutumia breki rahisi zinazojibana zenyewe pale trela inapolisukuma gari, na trela inayopita hapo hutakiwa kuwa na mfumo mkubwa zaidi wa breki. Watengenezaji wa pikapu wamejipanga hadi ukingo wa mpaka huo. Kwa hiyo tani 3.5 zina sharti ndani yake: trela iwe na breki zake. Trela isiyo na breki kiwango chake hushuka hadi kilo 750 kwa karibu pikapu zote hizi, na kilo hizo zinahesabu trela yenyewe pamoja na mzigo. Trela ndogo ya chuma ikiwa na kilo 350, kinachobaki ni kilo 400, yaani magunia manane ya mbolea ya kilo 50.

Namba ya pili ambayo haiandikwi kwenye mabango ni uzito wa jumla wa gari na trela kwa pamoja. Kwa D-Max ya lita 3.0 yenye kebini mbili, uzito huo ni kama tani 6. Gari lenyewe likiwa tupu lina kilo 2,100 hivi. Ukifunga trela ya kilo 3,500 umebakiwa na kilo 400 kwa dereva, abiria, mafuta na chochote kilicho nyuma. Watu wazima watano wakiingia, hesabu imekwisha na karai la nyuma, yaani sehemu ya kubebea mzigo, ni tupu. Anayedhani atajaza tani moja kwenye karai na tani tatu na nusu kwenye trela amelivusha gari mpaka wake kabla hajawasha injini.

Milima, mvua na maramu

Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mashamba mengi ya chai yapo kwenye mwinuko unaokaribia huo. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini hula hewa. Injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani isiyo na pangaboi la kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Land Cruiser 79 yenye injini ya kale ya lita 4.2 ina nguvu za farasi zipatazo 129 ikiwa pwani. Ikifika Kericho hubaki na 100 na kidogo. D-Max ya lita 1.9, ambayo watu huidharau kwa udogo wa injini, ina farasi 150, na tabo yake huisaidia kufidia sehemu kubwa ya upungufu wa hewa. Huu ni ushahidi wa kutosha kwamba ukubwa wa injini kwa lita si kipimo kizuri huku.

Hata hivyo, kupanda ndiyo nusu rahisi ya safari. Injini ikichoka mlimani, gari hupunguza mwendo na hasara ni muda na mafuta. Kushuka hakutoi nafasi hiyo. Gari na trela vyenye uzito wa tani 5 vikishuka mita 100 za wima, nishati ambayo breki na injini zinapaswa kuimeza inatosha kuchemsha karibu lita 15 za maji. Kutoka Kericho kupitia Kapsoit hadi tambarare za Ahero ni kushuka kwa zaidi ya mita 800. Zidisha mara nane, kisha ujiulize joto lote hilo linakwenda wapi ikiwa trela haina breki: linaishia kwenye diski na ngoma za gari la mbele, ambazo hazikuundwa kuuzuia uzito wa mwenzake. Breki iliyopata joto kupita kiasi hulegea mguuni pa dereva, na hulegea pale hasa inapohitajika.

Wakazi wa hapa hawahitaji kufundishwa maana ya mzigo usiozuilika. Tarehe 30 Juni 2023, lori la trela lililotoka nje ya barabara kwenye makutano ya Londiani liliwaua watu zaidi ya 50, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wa kando ya barabara na abiria waliokuwa wakisubiri magari. Pikapu yenye trela ni ndogo mara nyingi kuliko lori lile, lakini barabara ni zilezile, na masoko ya kando ya barabara yako Kapsoit, Litein, Kaplong na Bomet vilevile.

Halafu kuna matope. Mvua hapa hunyesha karibu mwaka mzima na kwa kawaida huzidi milimita 1,500, nyingi ikija alasiri, saa ambazo majani yaliyochumwa asubuhi yanangoja kubebwa. Udongo mwekundu wa volkano unaoipendeza chai huteleza ukilowa, na maramu iliyomwagwa juu yake husombwa haraka. Katika hali hiyo, uzito wa trela unakaa wapi juu ya gari huwa na maana kuliko ukubwa wake. Chukua trela ya kilo 3,500 ambayo asilimia 10 ya uzito wake, kilo 350, imeegemea ndoano. Ndoano iko mita 1.2 hivi nyuma ya ekseli. Kwa gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3.1, ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 350 tu. Inaongezewa kama 485, na magurudumu ya mbele yanapunguziwa kama 135. Hayo ndiyo magurudumu ya usukani, na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Kuyapunguzia uzito kwenye kona yenye matope ni kumnyang'anya dereva gari lake.

Trela inayokalia ekseli

Kuna wanaosema dawa ni mfumo wa Marekani, ambako trela haifungwi kwenye ndoano ya nyuma bali hukaa juu ya sahani iliyofungwa ndani ya karai, juu ya ekseli ya nyuma, kama ilivyo kwa malori makubwa ya kichwa na trela yanayopita Mau Summit. Picha na video za pikapu za Ford F-350 na Ram 3500 zikivuta nyumba nzima kwa namna hiyo zimewafikia watu kila mahali, na hoja yao ina mantiki. Uzito ukikaa juu ya ekseli, usukani haupoteziwi kitu, trela haiyumbi ovyo, na magurudumu ya nyuma hupata mshiko mzuri kwenye utelezi. Kwa kanuni za mwendo, mfumo huu ni bora kuliko ndoano.

Tatizo lake hapa ni gari. Sahani ya namna hiyo hupokea kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wa trela. Kwa trela ya kilo 3,500 hizo ni kilo 525 hadi 875 zinazolalia ekseli moja ya pikapu ambayo uwezo wake wote wa kubeba ni kama tani moja. Ongeza watu watano na sahani yenyewe ya chuma, na gari limejaa kabla halijabeba kingine. Karai la kebini mbili nalo ni fupi, la mita 1.5 hivi, na trela ikikata kona kali huweza kugonga kebini. Pikapu za Marekani zinazomudu kazi hii zina ekseli na fremu za daraja jingine. Kuziingiza Kenya ni kazi nyingine tena: kiwango cha KS 1515 cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kinataka gari kuukuu liwe na usukani wa kulia na lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, ilhali magari hayo hutoka kiwandani na usukani wa kushoto. Yapo yanayogeuzwa usukani, hasa Australia, kwa gharama kubwa. Vipuri vyake havipatikani Kericho wala Nakuru. Kinachostahili kuchukuliwa kutoka Marekani ni somo la kuusogeza uzito karibu na ekseli, na somo hilo linatekelezeka kwa njia nyepesi: trela fupi, ndoano isiyochomoza mbali, na mzigo uliopangwa juu ya ekseli ya trela yenyewe.

Pikapu zilizopo sokoni

Kundi la kwanza la watetezi linataka kebini mbili, D-Max, Hilux au Ranger, na halikosei kuhusu matumizi ya kila siku. Familia inaingia, gari lina heshima, na thamani yake haishuki haraka. D-Max huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, kampuni iliyokuwa General Motors East Africa hadi 2017, na vipuri vyake vinafahamika kwa mafundi wengi. Udhaifu wa kebini mbili uko nyuma: karai fupi, ekseli iliyokwisha kubebeshwa kebini, na springi ambazo katika matoleo ya kifahari zimelainishwa kwa ajili ya starehe.

Kebini moja haitazamwi sana, nami naona hilo ni kosa la soko. Kwa injini ileile, gari lenyewe ni jepesi, karai ni refu zaidi ya mita 2, na uwezo wa kubeba unaongezeka. Kila kilo iliyopungua kwenye kebini ni kilo ya mzigo. Likiwa na giaboksi ya mkono, gia nzito za 4x4 na loki ya difu ya nyuma, linashuka mteremko wa Mogogosiek likizuiwa na injini, breki zikipumzika. Linalokosekana ni viti, na kwa mwenye watoto wanne hilo si dogo.

Land Cruiser 79, inayounganishwa Mombasa, ina wafuasi wake, na kwa fremu na ekseli wanasema kweli. Katika magari haya yote ndiyo inayostahimili trela nzito kwenye barabara mbovu kwa miaka mingi. Matoleo mapya yenye injini ya tabo ya lita 2.8 na msokoto wa Nm 500 yameondoa ule udhaifu wa hewa nyepesi. Tatizo ni bei, ambayo kwa mkulima mdogo ni mkopo wa miaka mingi unaotegemea bonasi isiyotabirika. Bonasi za viwanda vya Kericho na Bomet kwa kawaida huwa chini ya zile za Mlima Kenya, na mkopo uliopimwa kwa mwaka mzuri huuma mwaka mbaya. Gari hili ni la kampuni, mkandarasi au chama cha ushirika.

Wanaosema trekta na wanaosema lori

Swali la pikapu haliwezi kuamuliwa bila kuuliza mzigo ni upi. Mbolea ya NPK inayotumika kwenye chai huja kwa magunia ya kilo 50, mizito na midogo. Tani moja ni magunia 20 na inaenea karaini. Majani mabichi ni kinyume chake. Gunia moja lina kilo 10 hivi, kwa hiyo tani moja ni magunia 100, na hayaruhusiwi kukandamizwa. Jani lililochumwa bado linapumua na kutoa joto. Likibanwa au likicheleweshwa hubadilika rangi na kuharibika kabla halijafika kwenye mizani ya kiwanda cha Litein au Kapkoros. Inachukua kama kilo 4.5 za majani kupata kilo moja ya chai iliyokauka, kwa hiyo kila gunia lililopondwa njiani ni hasara iliyokwisha kulipiwa jasho. Hapa ndipo trela inawapumbaza watu: wanainunua kwa sababu majani hayaenei kwenye pikapu, kisha wanaijengea kingo ndefu, na matokeo yake ni chombo chepesi, kirefu, kinachorukaruka kwenye mashimo na kinachopinduka kirahisi.

Kwa kazi hiyo lori dogo, Isuzu ya mfululizo wa N au Canter, lina hoja nzito. Sehemu ya mzigo ni pana, magunia hutundikwa kwa nafasi bila kulaliana, breki zote ni za chombo kimoja, na malori haya huja na breki ya ekzosi, ambayo huibana hewa chafu ya injini ili injini ilizuie gari mteremkoni. Kifaa hicho kimoja kina thamani kuliko farasi 50 za ziada. Wapinzani hujibu kwamba lori haliwezi kuachwa nyumbani nusu yake, ilhali trela hufunguliwa na pikapu ikaendelea na shughuli nyingine. Ni kweli, na hiyo ndiyo faida halisi ya trela. Lakini uchumaji wa chai hurudi shambani kila baada ya wiki moja au mbili, na kikundi cha wakulima wanaopishana siku huweza kulitumia lori karibu kila siku. Faida ya kufungua trela ni kubwa kwa mwenye safari chache. Kwa mwenye safari nyingi inageuka usumbufu.

Trekta nayo ndiyo iliyojenga mashamba makubwa ya Kericho, na bado ni chaguo la busara kwa barabara za ndani ya shamba. Ni nzito, ina mshiko, na matrekta na trela za kazi ya kilimo zimeachwa nje ya kodi ya awali inayotozwa pikapu, malori na trela za biashara, ambayo ni shilingi 2,500 kwa kila tani ya uwezo kwa mwaka na isiyopungua 5,000. Udhaifu wake ni mwendo na barabara kuu. Trekta ya kilomita 30 kwa saa kati ya Kaplong na Bomet, jioni, trela yake haina taa, ni hatari kwa wengine kuliko kwa dereva wake.

Breki za trela

Kipingamizi kinachosikika zaidi ni kwamba trela zisizo na breki zimevutwa huku miaka mingi na watu wangali hai. Hoja hiyo inahesabu safari zilizofika na kuziacha zile ambazo dereva aliokolewa na barabara kuwa tupu. Pia ilijengeka wakati mizigo ilikuwa midogo. Pikapu mpya yenye msokoto mwingi haimwambii dereva kwamba amezidisha. Inapanda vizuri, naye anaendelea kuongeza. Injini dhaifu ilikuwa kikomo kilichowalinda watu, na kikomo hicho kimeondolewa.

Wengine husema breki za trela ni ghali. Gharama ipo, lakini trela nyingi za jua kali huundwa kwa ekseli zilizotolewa kwenye magari makuukuu, na mara nyingine ngoma za breki zingali palepale, hazijaunganishwa na kitu. Kuziunganisha na kifaa kinachozibana trela inapolisukuma gari ni kazi ambayo fundi mzuri anaimudu, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya tofauti kati ya pikapu ya injini ndogo na ya injini kubwa. Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende hapo. Trela hiyo isajiliwe pia kwa namba yake yenyewe inayoanza na Z, na mwenye gari aisome sera yake ya bima aone kama inaitaja trela, kabla ya ajali kumsomea.

Nani achague nini

Mkulima anayebeba mbolea, kuni na chakula cha ng'ombe anahudumiwa vizuri na kebini moja ya injini ndogo yenye tabo, 4x4, na trela fupi ya ekseli moja yenye breki, isiyozidi kilo 1,500 pamoja na mzigo. Trela ya kilo 400 kwa kipimo hicho inabeba magunia 22 ya mbolea, na uzito wote uko chini kabisa ya nusu ya namba ya tangazo. Nafasi hiyo iliyobaki ndiyo inayolipia mteremko, matope na mwinuko. Mfugaji anayehamisha ng'ombe wawili wa Friesian anahitaji zaidi, kwa kuwa ng'ombe wawili na trela yao hukaribia tani 2, na mzigo ulio hai huhama uzito kwenye kona. Kwake kebini mbili ya injini kubwa ina maana, kwa sharti lilelile la breki. Kikundi kinachopeleka majani kiwandani kinunue lori dogo. Mwenye haja ya kweli ya kuvuta tani 3 kila wiki apige hesabu ya Land Cruiser dhidi ya lori, na mara nyingi lori litashinda.

Asiye na fedha za gari jipya atakuta kwamba pikapu nyingi kuukuu zinazouzwa hapa zimefanya kazi hapahapa, na baadhi zimekwisha kuvutishwa kupita kiasi. Alale chini ya gari na tochi, aitazame fremu nyuma ya kebini na pale springi za nyuma zinapofungwa, atafute nyufa, rangi mpya mahali pamoja tu, au mshono wa kuchomelea. Aangalie kama springi zimeongezwa vyuma, na kama tundu za ndoano zimepanuka. Fremu iliyopinda haionekani ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, na hakuna bei nzuri ya gari la namna hiyo.